Daftari la Viuno

Wamebishana tena leo mbele ya cherehani yangu,
Nabor, anayefundisha watoto kukimbia
kwenye uwanja usio na kivuli,
na Ofelia wa zahanati, na mizani yake kwapani.
Nabor: ni kukaa. Watu wamegeuka viti.
Ofelia: ni kinywa. Hesabu sukari, usihesabu hatua.
Mimi nilikuwa na pini mdomoni.
Ndiyo raha ya kazi hii:
mwenye pini mdomoni haulizwi yuko upande gani.

Walipotoka nikalifungua daftari.
Miaka thelathini na mmoja, hapa Torreón, nyuma ya reli,
majina na sentimita,
wino, kisha penseli mwaka ule wa dhiki, kisha wino.

Herculano Rentería, suruali ya harusi: sabini na nne.
Alichuma pamba, akarudi kwa miguu,
akala maharage yaliyopoa, akalala.
Nilipunguza kiuno, nikapunguza tena,
bado suruali ikamning'inia kama bendera siku isiyo na upepo.

Visima vilipokauka, shamba likauzwa.
Kiwanda kikafunguliwa njia ya jangwani.
Herculano Rentería: themanini na tisa.
Basi la kampuni humbeba alfajiri
na kumrudisha amesinzia.
Kutwa anashona mifuko ya jinzi, ya nyuma tu,
ameketi,
na kengele ya chakula humpa dakika ishirini.
Kwa dakika ishirini mtu ale nini?
Kile kilichopo getini:
mkate mweupe, kitu kilichokaangwa jana, soda.

Soda. Pembeni nimeandika kwa herufi ndogo:
maji yamenuka tena.
Mwaka huo bomba lilitoa rangi ya chai,
na lori la soda halikukosa hata siku moja.
Tuliwapa watoto kile tulichoweza kukiamini.

Ukurasa wenye doa la kahawa
ni mwaka wa risasi.
Uwanja wa Nabor ulifungwa kwa mnyororo.
Yesenia, binti wa Herculano, miaka tisa:
sketi yake ya shule ingemtosha mama yake
siku ile alipoolewa.
Hakuwa mvivu yule mtoto. Alikuwa ndani.
Mama alisukuma makomeo mawili, akampa biskuti,
na biskuti ilikuwa namna ya kusema
kaa, mwanangu, uwe hai.

Ofelia, hiyo utaipima kwa mizani ipi?
Nabor, ungemwambia akimbilie wapi?

Sisemi hapana mwenye kosa.
Koti likiharibika, silaumu uzi nikaiacha sindano;
uzi umepita tunduni mwake,
na kuna mkono unaozungusha gurudumu.
Mwenye mkono huo
hajawahi kuja kwangu kupimwa.

Nilikuwa na maneno hayo yote
na pini saba mdomoni.

Jioni amekuja Herculano mwenyewe.
Yesenia anatimiza miaka kumi na mitano,
baba anataka suruali ya kucheza naye dansi.
Nimemzungushia utepe, akabana pumzi,
akatazama dari kama mtu anayesubiri hukumu.
"Pumua," nikamwambia. "Siandiki pumzi ulizozibana."
Akapumua. Mia na kumi na mbili.
Tukacheka, yeye kwanza, kisha akanyamaza.
"Eduviges," akasema, "ujue, siku nyingi nalala na njaa."

Sikuandika hilo. Sina safu yake.
Nimekata kitambaa cha bluu, kizito kidogo,
na ndani ya mshono wa nyuma
nimeacha vidole viwili vya akiba,
vya kutanua au vya kubana,
maana hata mimi sijui.